Muundi wa Mkimbiaji na Haki Yake ya Mapumziko

Kata ya Kalemela imo katika Wilaya ya Busega, mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na kufanya mji wa Bariadi kuwa makao yake makuu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya mpunga, yenye Ziwa Viktoria kwa upande mmoja na hifadhi ya Serengeti kwa upande wa pili. Na mtu apitaye katika njia zake alfajiri aghalabu hukutana na vijana wanaokimbia. Wako wanafunzi wanaojitayarisha kwa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari, UMISSETA, wako walimu na wafanyabiashara wanaotafuta siha ya mwili, na wako wachache walioelekeza matumaini yao katika mbio ndefu za Mwanza, Moshi na Dar es Salaam, ambako mshindi hujipatia fedha na jina. Wengi wao hawana mwalimu wa riadha wala saa ya kupimia mwendo. Rasilimali yao ni miguu, nia na njia iliyo mbele yao. Basi baada ya majuma machache ya bidii, baadhi yao huanza kuchechemea, wakilalamika kwamba muundi unawaka au kisigino kimekakamaa, ilhali hawakuanguka, hawakupigwa wala hawakutumbukia shimoni.

Maumivu ya namna hii yanastahili kufahamika vema, kwa kuwa asili yake si sawa na asili ya ajali. Mwezi wa Juni 2020 Geoffrey Kamworor wa Kenya, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu, aligongwa na pikipiki akiwa mazoezini, mfupa wa muundi wake ukavunjika na ikalazimu apasuliwe. Hapo sababu ilikuwa moja, saa yake ilijulikana, na hapana aliyehitaji kuuliza kwa nini mguu unauma. Lakini mguu wa kijana wa Kalemela haukukutana na pikipiki. Ulikutana na pigo moja la ardhi lisilodhuru, kisha pigo jingine kama hilo, na jingine, maelfu kwa maelfu katika kila saa ya mbio, kila moja likiwa na nguvu ya mara mbili au tatu ya uzito wa mwili; na dhara halikutoka katika pigo lolote peke yake, bali katika uhaba wa muda wa kupona baina ya mapigo ya leo na mapigo ya kesho.

Elimu ya jambo hili ilianza kwa askari kabla ya kuwafikia wanariadha. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alieleza habari za askari vijana waliovimba nyayo na kuumwa baada ya safari ndefu za miguu, pasipo jeraha la dhahiri. Na haikupatikana ithibati kwamba mifupa yao ilikuwa imeingia ufa mpaka ilipokuja eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ikaweza kuonyesha yaliyofichwa na nyama. Katika zama hizo hizo, mwaka 1892, Julius Wolff wa Ujerumani alitoa kitabu kilichofafanua kwamba mfupa hubadili umbo na nguvu yake kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Mfupa, basi, ni kiungo hai chenye damu na chembe zake, ambazo baadhi huondoa sehemu iliyochakaa na nyingine huweka mfupa mpya mahali pale pale. Kazi ya kuondoa humalizika kwa majuma machache, ama kazi ya kujenga huchukua miezi. Na katika kipindi kilicho baina ya kazi hizo mbili mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi kuanza. Hapo ndipo penye hatari, maana moyo, mapafu na misuli huzoea mbio upesi zaidi, na mkimbiaji aliyetimiza mwezi wa kwanza hujiona ana pumzi ya kuongeza masafa maradufu, asitambue kwamba muundi wake bado umo katika matengenezo.

Mkulima wa Usukuma alimaye kwa plau hahitaji kufundishwa sheria hii, kwa kuwa hamfungi nira dume mchanga aliyeanza kazi jana akamtaka amalize shamba zima, wala hawanyimi ng'ombe wake kivuli jua linapopanda, akijua kwamba mnyama aliyelazimishwa leo atalala kesho na keshokutwa. Insafu ile ampayo ng'ombe wake ndiyo inayodaiwa na mguu wake mwenyewe.

Maradhi ya sehemu hii ya mguu, baina ya goti na kifundo, ni ya aina kadhaa, lakini manne huwapata wakimbiaji zaidi ya mengine, na kuyapambanua ni nusu ya tiba. La kwanza ni maumivu yanayotambaa upande wa ndani wa mfupa wa muundi, kuelekea chini, katika eneo la upana wa vidole vitatu au zaidi. Mwanzoni huuma mtu anapoanza kukimbia, yakatulia mwili ukipata joto, kisha yakarudi baada ya mbio. Yakipuuzwa hudumu tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Hayo ndiyo mepesi kupita mengine, nayo aghalabu hutii amri ya kupunguza mbio kwa majuma machache, kuweka kitambaa cha maji baridi kwa ajili ya nafuu, na kuimarisha misuli ya shavu la mguu.

La pili ni ufa wa mfupa, ambao pengine huwa mwisho wa safari iliyoanzia katika yale ya kwanza. Alama yake ni kwamba maumivu hukusanyika mahali pamoja, mahali ambapo mgonjwa anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Huuma akitembea, huweza kumwamsha usiku, na akijaribu kurukaruka kwa mguu ule hushindwa. Mtu wa hali hii haifai kujaribiwa zaidi, bali apelekwe kwa tabibu. Na yampasa ajue kwamba picha ya eksirei katika majuma mawili au matatu ya mwanzo yaweza kutoka safi ilhali ufa upo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi njiani. Kipimo cha MRI huuona mapema, nacho hupatikana katika hospitali kubwa. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, jijini Mwanza, na kwa mambo mazito zaidi iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Ufa ulio upande wa ndani na nyuma ya muundi hupona kwa kuacha mbio muda wa majuma 6 hadi 12, na kutumia magongo iwapo hata kutembea kunauma. Lakini ufa ulio upande wa mbele, pale kwenye ukingo mkali wa ugoko, hupata damu kidogo na huvutwa daima na uzito wa mwili, kwa hiyo huchukua miezi mingi, na pengine hudai kupasuliwa na kutiwa chuma.

La tatu ni maradhi ya kano ya kisigino, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Mwenye nayo huamka asubuhi akitembea kama mzee, akalainika baada ya hatua kadhaa, na akiibana kano kwa vidole huona imenenepa na inauma, hasa sehemu iliyo juu kidogo ya kisigino. Zamani wagonjwa wa namna hii waliambiwa wapumzike tu, na walipopumzika kano ikatulia, na walipokimbia ikauma tena. Mwaka 1998 tabibu wa Uswidi aitwaye Håkan Alfredson pamoja na wenzake walitoa habari za watu 15 wapenda mbio waliokuwa wameteseka muda mrefu, ambao badala ya kulazwa walipewa kazi: kusimama kwa ncha ya miguu kwenye ukingo wa ngazi, kuhamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, kisha kushusha kisigino polepole chini ya ukingo, mara 15 kwa mikupuo mitatu goti likiwa limenyooka, na vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Wote 15 walirudi katika mbio zao. Zoezi hilo halihitaji chombo cha gharama. Kizingiti imara cha mlango chatosha, na mgongoni waweza kuongezwa mkoba wenye mawe kadiri nguvu inavyozidi. Lakini mwenye maumivu pale pale kano inaposhikana na mfupa asishushe kisigino chini ya usawa wa sakafu, kwa kuwa kufanya hivyo huibana kano juu ya mfupa.

La nne ni msongo wa misuli. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya tando ngumu zisizonyumbuka sana, na kwa baadhi ya watu, misuli ijaapo damu wakati wa mbio, nafasi huwa finyu, mguu ukakaza, ukauma na hata kufa ganzi, tena takriban kwa masafa yale yale kila siku, kisha ukatulia dakika chache baada ya kusimama. Hili halimalizwi na kuchua wala kunyoosha. Wengine hupata nafuu kwa kubadilishiwa namna ya kukanyaga, na wengine hupasuliwa utando.

Baada ya kuyapambanua hayo yafaa kutaja desturi zetu za nyumbani, maana mguu ukiuma mtu hakimbilii Bugando kwanza, humwendea mkandaji na duka la dawa. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta huburudisha shavu la mguu lililochoka, wala hapana ubaya ndani yake. Lakini kuusugua kwa nguvu mfupa unaoshukiwa ufa ni kuongeza dhara, na kuchanja chale ni kufungua mlango wa uchafu. Vidonge vya diklofenaki hupunguza maumivu, na ndiyo sababu haifai kuvimeza ili kupata kukimbia, kwa kuwa havizibi ufa, vinanyamazisha tu onyo lake. Sindano ya steroidi ndani ya kano ya kisigino hukaribisha kukatika kwa kano hiyo. Na lipo jambo ambalo wachache hulijua: dawa ya siprofloksasini, ambayo watu wengi hujinunulia kwa ajili ya tumbo au njia ya mkojo pasipo cheti cha tabibu, yaweza kudhoofisha kano mpaka zikakatika. Mkimbiaji aliyeitumia akaanza kuhisi maumivu ya kisigino, aache mbio na arudi kwa tabibu mara moja.

Kadhalika si kila muundi unaouma umeumizwa na mbio. Katika Kanda ya Ziwa ugonjwa wa selimundu ni mwingi, nao huwaletea watoto maumivu makali ya mifupa. Na usaha ndani ya mfupa wa muundi huwapata watoto wetu pia, wakapata homa, uvimbe na joto mahali pale. Mtoto anayeumwa mguu pamoja na homa asiambiwe kwamba ni mchezo umemchosha. Mtu mzima ambaye shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na kuuma, pengine damu yake imeganda katika mshipa. Na yule aliyesikia mlio nyuma ya kisigino kama amepigwa teke, asiweze tena kusimama kwa ncha ya mguu, kano yake imekatika. Hao wote ni watu wa haraka, si watu wa kungoja.

Kuhusu ardhi, Mwenyezi Mungu amewapa Wasukuma uteuzi mpana, na wakulima wao wana majina kwa kila namna ya udongo. Luseni, wenye mchanga, ni mwororo kwa mfupa, ila ukiwa mwingi huifanyisha kano ya kisigino kazi ya ziada. Mbuga, ule udongo mweusi mzito, huteleza masika na kupasuka nyufa kiangazi, ukahatarisha kifundo. Na lami ya barabara kuu iendayo Mwanza au Musoma ni ngumu na ina magari. Hapana ardhi iliyo salama kwa kila kiungo, na kinachodhuru zaidi ni kuhama ghafula kutoka moja hadi nyingine. Hukumu hiyo hiyo inahusu viatu. Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na watoto wetu wengi hukua wakikimbia pekupeku au kwa katambuga, nao hudhurika wanapotiwa katika viatu vigeni na kupewa masafa marefu siku ile ile, kama anavyodhurika mtu wa mjini avuaye viatu vyake ghafula ili amwige Bikila.

Watu hupenda kanuni fupi, na zimo mbili zinazosifiwa kuliko zinavyostahili. Moja husema kwamba mtu asiongeze masafa zaidi ya asilimia 10 kwa juma. Lakini watafiti wa Groningen, Uholanzi, walipowagawa wakimbiaji wapya 532 na kutangaza matokeo mwaka 2008, kundi lililofuata kanuni hiyo na kundi lililoongeza kwa kasi zaidi yaliumia sawasawa, takriban mmoja katika kila watano. Ya pili husema kwamba kunyoosha misuli kabla ya mbio ni kinga. Lakini katika askari wapya 1,538 wa Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2000 haukuona upungufu wa maana wa majeraha kwa walionyoosha. Somo lake ni kwamba hapana hesabu ya karatasini inayoweza kushika mahali pa mtu kuusikiliza mwili wake, kwa sababu mwenye historia ya kuumia, mwenye njaa au mwenye usingizi mchache huvunjika kwa mzigo ambao mwenzake aubeba akicheka.

Na njaa haikutajwa kwa bahati. Mfupa hujengwa kwa chakula, na mkimbiaji alaye kidogo kuliko anachokitumia huunyima mwili mali ya ujenzi. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya mazoezi yuko katika hatari kubwa ya ufa wa mfupa, na jambo hilo lizungumzwe naye na mama yake au mwalimu wa kike pasipo haya, wala lisihesabiwe kuwa dalili ya ukakamavu. Kwa bahati njema dagaa wa ziwani, waliwao pamoja na mifupa yao, na maziwa ya mgando ya ng'ombe wa Usukuma, vina madini ya kalsiamu ya kutosha, na michembe na matobolwa, viazi vile vilivyokaushwa, humpa mkimbiaji nguvu kwa gharama ndogo.

Katika muda wa kungoja, mwili wote usilale kwa sababu ya mguu mmoja. Vitabu vya ng'ambo huwashauri wagonjwa waogelee; lakini kwetu maji ya kando ya ziwa yana kichocho, na pengine kiboko na mamba, kwa hiyo baiskeli, ambayo haiadimiki Usukumani, ndiyo mbadala ulio bora, mradi haileti maumivu. Mgonjwa atakapoweza kutembea kwa haraka nusu saa nzima kwa siku kadhaa bila ya maumivu, aanze kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, akirudia mara 10, siku moja afanye na siku moja apumzike. Akizidisha, azidishe kwanza muda, na kasi iwe ya mwisho kabisa. Hatua fupi na za haraka kuliko desturi yake hupunguza pigo la muundi. Mwenye maradhi ya kano aweza kuvumilia maumivu madogo yanayokwisha kabla ya asubuhi ya pili. Mwenye ufa wa mfupa asivumilie maumivu hata kidogo. Na asijihesabu amepona mpaka aweze kupanda na kushuka kwa ncha ya mguu ule peke yake mara 25 au karibu yake, kama auwezavyo mguu mzima.

Kikwazo kikubwa cha tiba hii ni heshima tunayoipa stahamala. Taifa hili limelelewa kwa habari ya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968 huko Mexico alianguka katika marathoni, goti likaumia, naye akaendelea akiwa amefungwa bendeji mpaka akaingia uwanjani giza limekwisha kutanda, wa mwisho katika watu 57 waliomaliza kati ya 75 walioanza. Fahari ile ni ya haki na haitafutika. Lakini ilikuwa siku moja, mbele ya dunia, kwa ajili ya nchi, na Akhwari alipopona alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Haile Gebrselassie naye alishinda mita 10,000 huko Sydney mwaka 2000 akiwa na kano mbovu ya kisigino, akimpita Paul Tergat kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Kisha akapasuliwa, akangoja, na mwaka 2008 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin. Kenenisa Bekele alipoumia shavu la mguu mwaka 2010 alikosa mashindano zaidi ya mwaka mzima. Na shavu la mguu lilipomsumbua tena mwaka 2020, alijitoa katika marathoni ya London siku chache kabla ya mbio.

Hao ni mashujaa, na hapana hata mmoja aliyefanya mashindano ya kishujaa kuwa mazoezi ya kila Jumatatu. Kwa hiyo walimu wa michezo wa Kalemela na wa Simiyu yote, na wazazi pamoja nao, wasimcheke kijana anayesema muundi wake unauma, wala wasimwite mvivu. Wampunguzie masafa siku ile ile aliyosema, kwa maana mapumziko ya majuma mawili yaliyotolewa mapema ni rahisi kuliko miezi mitatu ya magongo, na mkimbiaji aliyepewa haki ya kupona ndiye atakayekuwapo siku ya mashindano.